Kizibo

Injini ilinoki Tabata, kwenye foleni, saa mbili asubuhi.
Haikulia. Ilikohoa mara moja
kama mtu aliyetaka kusema neno mbele za watu, akaghairi.
Tukaivuta kwa kamba mpaka Gerezani,
Landrova ya baba, kijivu cha Idara ya Maji
bado kinachungulia chini ya kijani alichokipaka mwenyewe kwa brashi.

Mwinchande alichomoa kijiti cha oili, akanusa,
akapangusa kidole kwenye suruali.
"Dada Emiliana, hii ya Mwingereza tuizike.
Nina ya Hailaksi, dizeli, imeshuka na kontena juzi,
bado ina mchanga wa Japani."
"Mchanga wa Japani ukoje?"
"Msafi," akasema, akaenda kununua chapati.

Siku tatu kuing'oa.
Bolti zilizooana na kutu kabla sijazaliwa
zilitaka moto, zilitaka matusi,
zilitaka kubembelezwa kwa mafuta ya breki.
Winchi ikalia ka-ka-ka juu ya nguzo za reli,
chuma kikapanda hewani, kikayumba,
kikitiririsha oili iliyokwisha kuwa lami
juu ya kandambili za Tupa, spanaboi.

Nikachungulia shimo lililobaki.
Usukani upo, taa zipo,
kiti kimeshika umbo la mgongo wa mtu mmoja,
na mbele yake ardhi tupu, na kuku anapita.

Mwinchande akafungua sampu.
Chujio la oili limejaa nyuzi,
kama meno ya mtoto aliyemaliza muwa.
"Nani aliweka mti humu?"

Nilimjua.
Ifakara, masika, nina miaka tisa, nimeshika tochi.
Nati ya sampu imemezwa na tope.
Baba anakata tawi la mkwaju,
analichonga kwa kisu cha kumenyea machungwa,
analigongomea kwa jiwe: ko, ko, ko.
"Litatufikisha Mahenge."
Likatufikisha Mahenge.
Likatufikisha miaka ishirini na miwili.
Kila mgeni aliyekula ubwabwa kwetu alisimuliwa kizibo kile,
na kila mwaka mto ulizidi upana, jiwe likazidi uzito.

"Kimeoza kwa ndani," akasema Mwinchande.
"Kinamwaga nyuzi kidogo kidogo, oili haipandi, beringi zinalika.
Aliyeiokoa ndiye aliyeiua."
Kisha akaniona uso.
"Lakini miaka ishirini na miwili, dada!
Mimi garantii yangu ni miezi mitatu."

Baba naye hakupenda hospitali.
Kitunguu saumu, asali,
na vidonge vya kichwa kutoka dukani kwa Mangi.

Keko wakatukerezea pleti
ya kumwozesha Mjapani kwa giaboksi ya Mwingereza.
Mara mbili ilikataa. Mara ya tatu
Tupa akailalia kwa tumbo, ikaingia.
Maunti zikachomelewa upya, rejeta ikasogezwa,
pesa zangu zikaisha, nikakopa kwenye kikoba.
Kwenye kadi ya gari karani akaikata namba ya injini
kwa mstari mmoja wa kalamu.
Baba aliijua kwa moyo. Ya simu yangu hakuwahi kuishika.

Ijumaa nikamfuata mama Chang'ombe.
Funguo, nusu mzunguko, ikawaka.
Mguu wangu ulikuwa umeshakanyaga mafuta mara tatu,
mazoea ya nyumba yetu.
Mama akasikiliza, pochi mapajani.
"Si sauti yake."
"Si yake."
"Ile ya kwanza iliuawa na nini?"
Kizibo kilikuwa mfukoni mwangu, kimefungwa gazetini.
"Uzee tu, mama."

Akageukia dirisha.
Tulipita taa za Veta, akacheka peke yake, kidogo, puani.
"Uzee! Iligonga tangu Pasaka ya mwaka ule.
Baba yako akaongeza sauti ya redio."

Nikabadili gia.
Redio yenyewe
Mwinchande hajaiunganisha waya bado.